Begi Lililojaa Halishonwi

Kutoka Mbinga mpaka Kariakoo basi linatumia siku moja na kipande. Mimi nilitumia miaka mitatu. Nilipanda lori la mahindi hadi Songea, nikakaa pale mpaka nilipoanza kukutana na watu wanaonifahamu. Nikahamia Njombe kuchuma chai, halafu Makambako kupakua magunia, halafu Mafinga kwenye mbao, ambako niliumia kidole na kuondoka kabla hakijapona. Iringa sikukaa. Kilombero nilikata miwa msimu mmoja na nusu. Kila mahali nilikuwa na sababu nzuri ya kuondoka, na kila sababu niliiamini kabisa. Nilipoteremka Ubungo, enzi hizo stendi ikiwa bado pale, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne, na begi la kijani ambalo zipu yake ilifumuka palepale mlangoni mwa basi.

Mpiga debe mmoja alinicheka, kisha akanihurumia, akalifunga begi kwa kamba ya katani. "Nenda Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu," akasema. "Ulizia Fundi Mabegi. Ila ujiandae, mzee yule ana mdomo."

Ndivyo nilivyomfahamu. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini silitaji, kwa kuwa hata mtaani halikutajwa. Alikuwa Fundi, basi.

Alikaa kwenye baraza ya nyumba ya zamani ya vyumba sita, miaka ile kabla nyumba zile hazijavunjwa na kuota ghorofa. Mbele yake kulikuwa na cherehani ya kushonea viatu, kopo la vichwa vya zipu na kipande cha mshumaa. Nyuma yake, kwenye misumari, yalining'inia mabegi ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwaga."

"Nimwage nini?"

"Vilivyomo. Begi lililojaa halishonwi."

Nilidhani nimeingia kwa matapeli. Watu walikuwa wanapita, mikokoteni inapiga kelele, wauza soksi wanaita. Jirani yake, Mwislamu mmoja muuza kofia, akanitoa wasiwasi. "Mwaga tu, kijana. Hata mimi alinimwagisha, na kikombe cha chai tunachangia."

Fundi alivuta shuka kuukuu lililokuwa limefungwa kwenye misumari miwili, likawa pazia. Akanigeuzia mgongo. Sikujua wakati ule kwamba kugeuka kule kulikuwa sehemu ya kazi yake, sawa na sindano. Nilipomaliza aligeuka, na hakuangalia begi. Aliangalia nguo zangu juu ya mkeka.

"Anayesafiri hukunja nguo," akasema. "Anayekimbia huzisokota. Zako zimesokotwa." Akaokota koti kwa vidole viwili, koti zito la kahawia, la mtumba, lenye vifungo vikubwa. "Na hili la nani?"

"Langu."

Aliangalia mabega yangu, akaangalia mabega ya koti. "Aa," akasema, akashika zipu.

Koti lilikuwa la kaka yangu. Asubuhi moja ya baridi nililitoa msumarini bila kumwomba, nikaenda bondeni kuwasha moto kwenye nyasi kavu, kama tulivyozoea vijana wa kule tunapowinda panya wa porini. Upepo ukageuka. Moto ulipanda kwenye mibuni ya jirani na kuila yote, mibuni ambayo marehemu baba yake ndiye aliyeipanda. Watu waliokuwa ng'ambo hawakuona uso, waliona koti. Kufika mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kaka yangu ndiye aliyechoma kahawa. Alikana, lakini nani angemwamini, wakati ndiye aliyejulikana kwa kupenda kuwinda panya? Baba alimfukuza nyumbani mbele ya macho yangu. Nilinyamaza. Koti nilikuwa nimelificha kwa sababu lilinuka moshi, na kesho yake alfajiri niliondoka nalo.

Hayo Fundi hakuniuliza. Kwa miaka mingi hakuniuliza.

Sijaona mtu mwingine aliyefanya kazi kama yeye. Mafundi wengine wa zipu hulibana begi likiwa na mzigo wake, wakaivuta ikafunga, mteja akakimbilia basi na kupasukiwa Chalinze. Fundi alikataa. Mzigo ndio uliovunja zipu, alisema, utawezaje kuiponya huku mzigo bado unaivuta? Mama mmoja mfanyabiashara, mwenye haraka na dhahabu mikononi, aligoma kabisa kumwaga begi lake. Alibembeleza, akafoka, akatoa noti juu ya noti. Fundi akamrudishia begi kwa mikono miwili, kwa adabu kama anayempa zawadi.

"Mama, mimi naweza kulifunga. Ila litakuwa limefungwa, halijapona."

"Mzee una kiburi wewe!"

"Ninacho. Kimenitesa sana. Karibu tena."

Zipu ikishapona aliipaka mshumaa meno yote, taratibu, upande huu na upande ule, akaifungua na kuifunga mara saba. Nilihesabu mara nyingi. Halafu alimwachia mteja akunje nguo zake mwenyewe. Akiona unazisokota tena, anakuchapa kofi la mkono kama mtoto wa shule.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kwenye picha. Alinusa ugoro kwa siri, siri ambayo mtaa mzima uliijua, na alipiga chafya katikati ya sala. Mkasi wake hakumwazimisha mtu. Alikuwa na mto mmoja wa sponji aliokalia, na siku mteja alipoukalia kwa bahati mbaya alimwondoa kama anayefukuza kuku. Muuza kofia alimtania: "Mlutheri, si unasema raha za dunia zinapita? Acha basi na mto upite." Fundi alijibu, "Shehe, hakuna palipoandikwa nikae juu ya msumari."

Hao wawili walilindiana biashara, huyu akienda msikitini, yule akienda kanisani, na walibishana dini miaka yote bila hata mmoja kuhama. Sijui kama kuna urafiki mkubwa kuliko ule.

Jambo moja lilinikera kwake mwanzoni. Hakujua kufariji. Ukimwambia umefukuzwa kazi, umeachwa na mke, mwenzake yeyote angekwambia pole, mambo yatakuwa sawa, Mungu yupo. Fundi alisema, "Enhe," akangoja. Ukimaliza habari ya wenzako walivyokukosea, alikuuliza, "Na wewe?" Wengi hawakurudi. Mimi mwenyewe nilikasirika mara kadhaa nikaenda kunywa chai kwingine.

Nilipomuuliza kwa nini hasemi pole, aliniambia pole haioshi kidonda, inakifunika tu na kitambaa safi. Miaka ile watu walikuwa wanapita barazani na chupa za mafuta na maji ya kuombewa, kila mmoja na mahali pake pa kukimbilia, na yeye hakuwacheka, kwa sababu alijua wamechoka. Alisema tu, "Wanataka Mungu awafute jasho. Hawataki awaoshe." Siku nyingine nilijisifu kwamba mimi, pamoja na yote, nalala vizuri. Akanikumbusha habari ya yule nabii aliyekimbia wajibu wake akapanda meli: dhoruba ilipokuja, mwenye usingizi mzito kuliko wote alikuwa yeye. "Usingizi si ushahidi," akasema, akapiga chafya.

Sasa niwaambie alivyopata haki ya kusema hivyo, kwa maana mtu aweza kusema maneno makali bure tu.

Katika usharika wake alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kuheshimika, mwenye kukusanya sadaka kwa suti ya kijivu. Jumamosi moja, mwaka wangu wa tano au wa sita mjini, aliniambia, "Kesho njoo kwetu." Mimi ni Mkatoliki, nikamwambia sina kawaida. "Njoo hivyohivyo. Nataka kuwe na mtu mmoja ambaye hatashangaa."

Nilishangaa. Ilikuwa Jumapili ya watu kurudi kundini. Wale waliokuwa wametengwa na usharika kwa makosa yao, aliyeishi na mwanamke bila ndoa, aliyekunywa mpaka akaaibisha nyumba, husimama mbele, hukiri, huombewa, na kupokelewa tena mezani pa Bwana. Siku ile walisimama wanne. Halafu akatoka Fundi na suti yake ya kijivu, akasimama wa tano.

Mchungaji alidhani mzee amechanganya. Akamwonyesha kwa mkono benchi la wazee. "Mzee, nafasi yako ni huku."

"Hapana, Baba Mchungaji. Nafasi yangu ni hapa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upendo, wakidhani ni unyenyekevu wa uzee. Akangoja kiishe.

"Nilipofika Dar niliwaambia kwamba mimi ni mjane," akasema. "Mkanifungisha ndoa humu. Mke wangu wa kwanza hakufa. Yuko kwetu kaskazini na watoto wawili. Nilimuua kwa mdomo ili nipate raha yangu. Hakuna aliyenitenga kwa sababu hakuna aliyejua. Najitenga mwenyewe."

Kanisa lile lina feni nane. Nilizisikia zote.

Siku ile hakupokelewa. Hakuweza kupokelewa, kwa kuwa kosa lilikuwa bichi na liligusa watu wengine. Alivuliwa uzee wa kanisa, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa muda mrefu, bila kukaribia meza. Niliwahi kumuuliza kama haoni aibu kukaa kule, wakati waliokuwa wakimpisha njia sasa wanampita.

"Naona sana," akasema. "Lakini ni mara ya kwanza nakaa kwenye kiti changu. Kile cha mbele nilikuwa mpangaji. Kila aliyebisha hodi, nilidhani mwenye nyumba amekuja kunitoa."

Mkewe wa Dar alikuwa ameambiwa Ijumaa, siku mbili kabla. Hakuwa kanisani. Alifungasha, akaenda kwa dada yake Ilala, akakaa huko miezi. Niliwahi kutumwa kumpelekea vyombo vyake, naye alinikaribisha kiti na kunipa ukweli ambao nimeuweka pamoja na sifa zote ninazompa mumewe.

"Wewe unamwona malaika," akasema. "Ametubu, amekuwa mwepesi, sawa. Uzito umekwenda wapi? Umenijia mimi. Nilipikia uongo wake miaka kumi na minne, nikaufulia na nguo."

Nilimpelekea Fundi maneno yale kama yalivyo. Aliacha kushona. "Amesema kweli," akasema. "Usimjibu kwa niaba yangu." Baada ya miezi mama yule alirudi nyumbani, kwa masharti yake mwenyewe, na sikuwahi kuyajua yote. Najua moja tu: chakula alipika, ila kuitwa "mke wangu" mbele za watu alikataza mpaka yeye aseme. Siku aliposema, Fundi alimpigia muuza kofia simu kumwambia, na muuza kofia alikuwa amekaa hatua mbili kutoka alipo.

Mtu huyu aliyetengeneza mabegi ya nusu ya wasafiri wa mji hakupenda safari. Nilimwona akisafiri mara moja tu, na ilikuwa safari ya kwenda kaskazini kumwona mke wake wa kwanza. Aliondoka na begi dogo, nguo zimekunjwa kama karatasi za ofisi. Alirudi siku ya nne. Tulimngoja aseme, mimi na muuza kofia, tukajifanya tunazungumza bei ya kofia.

"Alinipa maji ya kunywa," hatimaye akasema. "Halafu akaniambia, 'Mimi nilishakuzika. Sasa umekuja, unanilazimisha nifukue.'"

"Akakusamehe?" muuza kofia akauliza.

"Hapana."

"Na watoto?"

"Mmoja alinisalimia."

"Sasa Mlutheri, umekwenda kufanya nini huko kote?"

Fundi alifikiri. "Nilikwenda ili asiwe maiti tena," akasema. "Akitaka kunisamehe, au asitake, afanye hivyo akiwa hai."

Nadhani ni siku ile nilipoanza kuogopa lile koti.

Maana mimi niliendelea kuzunguka. Mtwara msimu wa korosho, Tunduma mpakani, Kahama, Mafia miezi miwili, na kila mara nilirudi Kariakoo, nikauza mikanda, nikabeba mizigo, nikasimamia duka la vitenge. Na kila safari zipu ilikufa. Nilimwaga begi lilelile la kijani kwenye mkeka uleule, zaidi ya mara kumi, na kila mara koti lilitoka la mwisho, halijavaliwa. Fundi alilipitisha macho, akashika zipu. Baraza ilivunjwa, akahamia chini ya ngazi za ghorofa jipya upande wa pili wa mtaa, misumari na mabegi yake akahama nayo. Muuza kofia akahamia pembeni yake. Mimi nikaota mvi za kwanza.

Siku nilipomwambia, mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna. Nilimweleza moto, jirani, baba, koti. Nilipomaliza nilingoja kusikia, baada ya miaka yote, pole moja.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi sikuchomewa kahawa. Na mimi si kaka yako."

"Niliungama zamani kwa padri. Morogoro."

"Akakwambia nini?"

"Alinipa sala. Na akaniambia nirudi nyumbani nikaseme."

"Nawe ukaenda wapi?"

"Nikaja Dar."

Alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Muuza kofia naye, aliyejifanya hasikii, akacheka. Nikaudhika, halafu nikacheka na mimi, kisha nikalia, na hakuna aliyenizuia. Lakini sikwenda. Nilikwenda Tunduma.

Mara ya mwisho nilimkuta amezeeka ghafla, kama wazeekavyo watu usipowaona mwaka mzima. Mikono ilitetemeka. Alinipa sindano nimtungie uzi, jambo ambalo asingemruhusu mtu zamani, na hata mkasi ulikuwa upande wangu. Nilimwaga begi bila kuambiwa. Koti likatoka.

"Kaka yako yu hai?"

"Sijui."

"Hujui, au hujauliza?"

Nikasimama palepale chini ya ngazi nikampigia binamu yangu Mbinga, baada ya miaka ambayo naona haya kuitaja. Kaka yu hai, akasema. Anaishi peke yake ng'ambo ya mto. Baba alifariki bila kusema naye. Na watoto wadogo, ambao hawajawahi kuona ile mibuni, wanamwita Mchomaji, wakidhani ndilo jina lake.

Nilimweleza Fundi. Nikasema, "Nitakwenda. Nimechoka. Nataka na mimi nijisikie vizuri."

"Basi usiende."

"Mzee?"

"Ukienda kutafuta kujisikia vizuri, akikufungia mlango utakimbia tena. Nenda kwa sababu bado wanamwita hivyo." Akaipapasa zipu kwa kidole gumba. "Watu wanadhani kumkimbilia Mungu ni kupata mahali pa kujificha, mwanangu. Nimekaa huko. Hakuna pazia. Lakini hakuna anayekutoa."

Nilisubiri aanze kushona. Badala yake alilifunga begi likiwa tupu, akasimama kwa taabu, akalining'iniza msumarini pamoja na yale ambayo wenyewe hawakurudi.

"Siku zote ukiondoka unakuja kutengeneza zipu kwanza," akasema. "Safari hii liache."

"Na nguo zangu?"

"Shehe, mpe kiroba."

Muuza kofia akanipa kiroba cha kubebea kofia. Nikakunja nguo zangu, moja moja, Fundi akiangalia mikono yangu. Nilipofika kwenye koti nililisukuma ndani. Akanichapa kofi la mkono.

"Hilo wanalijua kutoka mbali. Lionekane."

Nikalivaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Januari, jua la Kariakoo linachoma lami. Muuza kofia alisema nimekuwa kama mtu aliyetoroka wodini. Nilimshika Fundi mkono, nikasema shikamoo kwa mara ya pili siku ile, naye akaitikia marahaba. Mteja mwingine alikuwa amefika na sanduku lake la magurudumu, ana haraka. Nilipokuwa navuka mtaa nilimsikia Fundi nyuma yangu, sauti imepungua lakini neno ni lilelile: "Mwaga."

Stendi ya Mbezi wapiga debe walinizunguka, jasho linanitiririka mpaka viatuni. Mmoja, kijana mwenye meno mazuri, alinishika bega la koti akaangua kicheko.

"Braza, joto lote hili la Bongo! Koti la nani hilo?"

"La kaka yangu," nikasema, nikapanda basi.